Picha ya Tumbo la Mlafi

Kila asubuhi Chiriku alipofungua mlango wa uani, mbwa wao Mlafi alimrukia kabla hajamaliza kupiga mwayo. Chiriku alibandikwa jina hilo na shangazi yake kwa wingi wa maneno. Jina la mbwa halihitaji maelezo. Lakini Jumamosi ile Mlafi hakuinuka. Ufizi wake ulikuwa mweupe na alihema juu juu. Shangazi alimzungushia shuka, wakamkimbiza kwa daktari wa wanyama.

Daktari, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliuliza mbwa amekula nini. Chiriku alisema labda mfupa, kisha akafyata ulimi.

Alijua zaidi ya hapo. Jumanne shangazi alimtuma aweke mkate wenye sumu juu ya boriti ya stoo, wanakopita panya. Aliona taabu kuleta ngazi, akausukuma nyuma ya gunia. Asubuhi hiyo, kabla ya kuondoka, alichungulia, mkate haupo.

Daktari alinyoa manyoya ya tumbo, akapaka jeli, akapitisha kifaa cha altrasaundi polepole kama anayepiga pasi nguo ya harusi. Kwenye skrini alimwonyesha Chiriku ini, kisha wengu, kisha weusi uliojaa katikati. Hayo ni majimaji, alieleza, na hayakupaswa kuwapo. Akachoma sindano nyembamba palepale, ikavuta damu isiyoganda. Chiriku alistaajabu: kumbe mtu anaweza kuona ndani ya tumbo bila kulipasua.

"Anavuja damu ndani," daktari alisema. "Huenda ni sumu, huenda amegongwa, huenda ni uvimbe. Mashine haisemi, na kila kimoja kina tiba yake."

Akamtazama Chiriku, akangoja bila kumkaripia.

"Si mfupa, daktari," Chiriku alisema huku machozi yakimtoka. "Ni mkate wa panya. Niliuweka chini kwa uvivu."

Shangazi alirudi nyumbani mbio kuleta pakiti. Daktari aliisoma, akamdunga Mlafi vitamini K ya kusaidia damu kuganda, akamlaza hapo. Siku ya nne, Mlafi alimaliza chakula chake na cha mgonjwa mwenzake.

Walipokwenda kumchukua, Chiriku aliisifu sana ile mashine.

"Mashine ilinionyesha damu, mwanangu," daktari alisema. "Sumu ulinionyesha wewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kingemuumbua asiye na kosa. Ukikosea, sema mapema."

Walipofika nyumbani shangazi alimwonyesha Chiriku ngazi ilipo.