Mkaguzi na Muuguzi

Jumamosi moja asubuhi, katika soko kuu la Bunia, Kanyere alikuwa ameinama juu ya meza ya samaki akimnusa samaki aina ya kapiteni aliyekaushwa kwa moshi, huku watu wakimsukuma kushoto na kulia. Alivaa kikwembe cha rangi ya machungwa kilichombana vizuri kiunoni, na viatu vya mpira kwa sababu ya matope. Alikuwa ametoka Butembo miezi mitano tu iliyopita, na samaki wa ziwa Albert alikuwa bado hajawazoea.

"Mama, uache huyo," sauti ya mwanamume ilisema nyuma yake. "Huyo alikaushwa mara mbili. Ukimupika, utakula moshi tu."

Kanyere aligeuka. Kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kola imesimama, alikuwa anamtazama samaki, si yeye.

"Nani alikuuliza?"

"Samaki."

Muuzaji akaanza kumtukana kijana kwa Kialur. Kijana akamjibu kwa lugha ileile, wote wawili wakaangua kicheko, na kapiteni mwingine, mnene na laini, akatolewa chini ya meza.

"Umemuambia nini?" Kanyere aliuliza.

"Nilimuambia weye ni bibi yangu, nilikuoa juzi, na mama yangu atanifukuza nikileta nyumbani samaki kama ile."

"Bibi yako!"

"Kwa dakika tano tu. Sasa zimeisha. Ukitaka tuongeze, unipe namba."

Aliitwa Davy, mtoto wa wavuvi wa Mahagi, muuguzi kwa kazi yake. Kanyere akampa namba, akijiambia kwamba ni kwa ajili ya samaki.

Miezi miwili ikapita kwa simu. Davy alipiga saa za mapumziko ya mchana, Kanyere akapokea akiwa amefunga mlango wa biro yake kazini.

"Sheri, umekula?"

"Nimekula bugali na sombe."

"Na uliniwaza wakati ya kula?"

"Niliwaza sombe."

"Nyinyi Wanande wa Butembo! Moyo yenu iko mu tumbo."

"Na nyinyi wa ziwa, moyo yenu iko mu mudomo."

Jumapili walitembea pamoja baada ya misa, yeye katika gauni lake la kijani, Davy katika viatu vilivyong'aa hata kwenye vumbi la barabara. Walisemezana mengi, ila jambo moja kila mmoja alilipitia pembeni. Kanyere alisema yeye ni mutu ya État, wa serikali, mambo ya makaratasi. Hakusema kwamba ni mfamasia mkaguzi wa idara ya afya ya jimbo, kwa kuwa watu wakisikia neno hilo hufunga milango. Davy naye alisema anafanya kazi kwa kliniki ya mtu binafsi. Hakusema ni kliniki ya kupunguza kilo, kwa kuwa rafiki zake walikuwa wamemcheka vya kutosha: mjini humu mama zao bado wanaona unene ni heshima, na yeye analipwa kuuondoa.

Siku moja ya Alhamisi sauti yake kwenye simu ilikuwa nzito.

"Uko na nini?" Kanyere aliuliza.

"Kazi. Kuko banamuke benye tunatunza, roho inabapiga mbio kama pikipiki inapanda mulima. Mikono inatetemeka. Nilimuambia dokta, anasema ni mafuta inatoka mu mwili."

"Munabapa nini?"

"Vidonge vya njano. Anasema ni majani."

"Davy, ni kliniki gani?"

"Eh, madamu! Unanipima?" Akacheka, akageuza maneno.

Kanyere hakuuliza tena. Mjini palikuwa na kliniki mbili tu za namna hiyo, na aliona afadhali asijue ni ipi. Mchana uleule aliandika barua kwa mkuu wake, Dokta Donatien, akiomba zote mbili zikaguliwe haraka.

Ya kwanza haikuwa na neno. Ya pili ilikuwa mtaa wa Nyakasanza, nyumba iliyopakwa rangi ya waridi, na kibao kilichoandikwa "Mwili Mwepesi". Kanyere alifika saa tatu asubuhi ya Jumanne, katika suti ya kijivu, pamoja na mwenzake Mathieu aliyebeba sanduku la kuchukulia sampuli. Sebuleni wanawake wanane walikuwa wamekaa bila viatu, wakingoja zamu ya kupanda mizani. Mwenye kliniki, aliyejiita Dokta Athanase, alitoka na suti ya krimu na tabasamu pana.

"Karibuni! Otorizasio yetu ya kufungua kliniki iko Kinshasa, inakuja."

"Tangu lini?" Mathieu aliuliza.

"Tangu mwaka ule mwingine."

Katika chumba cha dawa palikuwa na chupa kumi na mbili za vidonge vya njano bila jina, bila tarehe, bila mahali vilipotengenezwa. Kanyere alikuwa anaandika, kichwa chini, mtu aliyevaa koti jeupe alipoingia na trei ya sindano.

"Jina lako?" aliuliza kabla ya kuinua macho.

"Unalijua."

Davy alikuwa anamtazama kama mtu aliyejikwaa mbele ya watu. Athanase akamtazama Davy, kisha Kanyere, na tabasamu lake likapungua.

Kanyere aliweka kalamu mezani.

"Mathieu, uandike weye. Mimi siwezi kuendelea."

Akatoka nje, akasimama karibu na lango mpaka mwenzake alipomaliza. Davy alimwona kupitia dirisha, mgongo wake tu, na akaelewa vibaya.

Jioni hiyo Kanyere alimweleza mkuu wake kila kitu. Dokta Donatien alivua miwani, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Ulifanya vizuri kutoka," alisema. "Sasa usiguse tena hata karatasi moja ya ile dosie. Na huyo kijana ni shahidi. Mpaka uamuzi utiwe saini, usiseme naye. Hata neno moja. Athanase anatafuta tu sababu ya kusema tulipanga na huyo kijana."

Davy alipiga mara sita. Kanyere alitazama jina lake likiwaka na kuzima. Kisha ukaja ujumbe: "Ulinipenda ao ulinifanyia inspeksio?" Aliusoma akiwa amesimama katikati ya biro, akaketi, akausoma tena. Akaifungia simu kwenye droo.

Kliniki haikufungwa siku ile. Sampuli zilikuwa zinangoja majibu. Athanase aliona ana nafasi. Alimpa Davy gunia la paketi tupu za vidonge vile, akamwambia aende kulichoma nyuma ya nyumba.

"Na wakiuliza, ni majani," alisema. "Uko na kazi nzuri hapa, Davy. Usisahau."

Davy aliwasha moto, akachoma magazeti. Gunia alilificha nyuma ya tangi la maji. Kwa nini, yeye mwenyewe hangeweza kusema vizuri. Hasira kwa Kanyere haikumzuia kusoma kilichoandikwa kwenye paketi zile.

Siku ya tatu, mama Gracieuse, muuza vitambaa aliyetaka kuingia katika gauni kabla ya ndoa ya binti yake, alipanda mizani. Mshale ulisimama kwenye quatre-vingt-onze, kilo tisini na moja. Akapiga makofi ya furaha, akashika kifua, akaanguka. Athanase alisema apewe maji ya sukari. Davy alimbeba mpaka barabarani, akasimamisha gari la kwanza lililopita, akarudi mbio kuchukua gunia.

Hospitalini daktari alimuuliza jambo moja tu: "Amekunywa nini?" Davy akamwaga paketi juu ya meza. Ilikuwa dawa ya wagonjwa wa tezi ya shingo, pamoja na dawa ya kukojolesha. Daktari alizitazama, akaanza kuagiza haraka haraka. Saa kumi alasiri moyo wa mama Gracieuse ulikuwa umetulia, na alikuwa anauliza viatu vyake viko wapi.

Kutoka pale Davy alikwenda moja kwa moja kwa idara ya afya, gunia begani, koti lake jeupe limechafuka. Mlangoni alikutana na Kanyere uso kwa uso.

"Nimeleta—"

"Biro ya pili," Kanyere alisema. "Mathieu atakupokea." Akapita. Davy aliona mtu asiyemjua tena.

Alisema yote mbele ya Mathieu, na pia kwamba yeye mwenyewe aligawa vidonge hivyo huku akiwa na mashaka. Baada ya wiki tano uamuzi ukatiwa saini. Karatasi ya État ikabandikwa kwenye mlango wa waridi, Athanase akapelekwa mbele ya mwendesha mashtaka, na Davy akakatazwa kazi ya uuguzi kwa miezi mitatu.

Siku ileile ya saini, Kanyere alitia kalamu kwenye mkoba, akapanda pikipiki mpaka mtaa wa Shari, ambako Davy alikuwa anasaidia katika karakana ya binamu yake. Alimkuta anapiga msasa mlango, nywele zimejaa unga wa mbao.

"Madamu inspekta," Davy alisema bila kusimama. "Hapa hatuna vidonge."

"Walinikataza kusema na weye mpaka leo. Uamuzi umetiwa saini saa ine. Sasa iko saa tano."

Mkono wa Davy ukasimama juu ya ubao.

"Njo sababu ulinyamaza?"

"Njo vile."

"Na siku ya biro ya pili?"

"Ningekupokea mimi, Athanase angesema ni mapenzi. Paketi zako zingekuwa bure."

Davy alikaa juu ya rundo la mbao. Kulikuwa na swali moja alilolibeba wiki hizo zote, na alitamani jibu lake liwe hapana.

"Ile maneno nilikuambia kwa simu. Ya roho kupiga mbio. Njo ilikuleta?"

Kanyere angeweza kusema ukaguzi ulikuwa umepangwa zamani. Mathieu asingemkana.

"Ndiyo. Niliandika barua ile siku ile. Sikujua ni kwenu, lakini sikutaka kujua. Ningekuuliza vizuri, ungeniambia. Kwa ile niko na kosa, Davy. Kwa barua, hapana."

Binamu alizima mashine yake ili asikie vizuri. Davy alimtazama mpaka akaiwasha tena.

"Mimi nilijua kwa miezi ine kwamba vidonge haviko vizuri," alisema hatimaye. "Nilikuambia weye juu nilikuwa naogopa kuambia mutu mwingine."

"Nilijua unaogopa."

"Ingetokea tena, ungeandika?"

"Ningeandika. Ila ningekuambia kwanza."

Davy alipangusa unga usoni. Kwa mara ya kwanza tangu Kanyere afike, alimwangalia vizuri: suti ya kijivu, soksi zimejaa vumbi la Shari, macho mekundu.

"Mama yangu anauliza kila siku kwa nini sina kazi," alisema. "Nimechoka kumudanganya. Utakuja Mahagi, umuambie weye mwenyewe."

"Nimuambie mimi ni nani?"

"Inspekta mwenye alifunga kazi yangu. Kisha umuambie unataka kuolewa na mutoto yake."

"Davy! Mwanaume njo anaomba."

"Basi naomba. Lakini ile ya kwanza utasema weye."

Kanyere alikaa kando yake juu ya mbao, bila kujali suti.

"Nitasema," alijibu. "Yote mbili."