Treni Nyuma ya Treni

Sushama Gawde aliamka saa kumi na nusu alfajiri, kama kila siku. Bomba la mtaa wao pale Mumbai hutoa maji kwa saa moja tu, na aliyelala imekula kwake. Alijaza ndoo. Akasukuma chapati kumi na sita. Akafunga chakula cha mumewe Dattaram, cha bintiye Ketaki, na chake mwenyewe. Siku ilikuwa haijaanza, na magoti yalikuwa yameshaanza kumuuma.

Treni yake ni ya saa moja na dakika nane, jukwaa la tatu. Katika behewa la wanawake, shoga zake humwekea nafasi ya nne kwenye kiti cha watu watatu. Nafasi yenyewe hutosha paja moja. Lakini safari ni ya saa nzima, na paja moja ni neema. Akikosa treni hiyo, husimama njia nzima.

Daraja la kituo lina ngazi hamsini na nne za kupanda, na za kushuka ni hizo hizo. Sushama aliachana nalo zamani. Alishuka relini kama wenzake, akangoja treni ya jukwaa la kwanza isimame, kisha akapita nyuma yake. Treni iliyosimama haigongi mtu. Ndivyo mtaa mzima ulivyoamini.

Jioni moja jirani yao Pandharinath alibisha hodi. Kazi yake ni kukagua na kukaza reli. Alikuwa bado amevaa kizibao cha kazini.

"Karibu chai, shemeji," Sushama alisema.

"Chai nitakunywa. Ila leo asubuhi nimemwona Ketaki akivuka relini, nyuma ya treni iliyosimama."

Sushama alimgeukia bintiye. "We Ketaki, nani kakufundisha?"

"Wewe, mama."

Sushama aliona haya. Kisha woga ukamwingia, maana Ketaki ndiye mtoto wake wa pekee.

"Lakini shemeji, ile si imesimama?" aliuliza.

"Hiyo haina ugomvi na wewe. Hatari iko njia ya pili, ya treni za haraka zisizosimama hapa. Iliyosimama inakuziba usiione inayokuja. Kelele zake zinameza kelele za mwenzake. Ukitokeza kichwa tu, imeshafika. Dereva hata akifunga breki, treni itasimama mbali sana, imeshakupitia."

"Na honi?"

"Asubuhi zinalia honi ngapi? Utajuaje ipi ni yako?"

Sushama alijipapasa magoti. Kisha akasema, "Basi nipande ngazi zote zile na magoti haya? Nipe yako tubadilishane."

"Yangu mabovu kuliko yako. Panda polepole, shika chuma, pumzika katikati. Unachokosa wewe ni dakika kumi, shemeji." Pandharinath alitazama gazeti lililomficha Dattaram. "Na mwenye dakika hizo yumo humu ndani."

Dattaram alikunja gazeti. "Maji nitachota mimi," alisema.

"Chapati nitasukuma mimi," Ketaki alisema.

"Zitatoka na pembe," mama yake alisema.

"Tutazila na pembe zake," Dattaram alijibu.

Tangu hapo mama na binti hutoka nyumbani mapema, pamoja. Asubuhi moja magoti yalimzidi Sushama, akasimama katikati ya ngazi kupumzika. Chini yao treni ilisimama jukwaa la kwanza. Ghafla nyingine ikapita kasi upande wa pili, na daraja likatetemeka. Hawakuisikia mpaka ilipokuwa chini ya miguu yao. Ketaki alimshika mama yake mkono, asiuachie.

Kisha ile ya saa moja na dakika nane ikaingia, ikapakia watu, ikaondoka.

"Mama, imetuacha."

"Iache iende. Nyingine inakuja baada ya dakika nne."

Siku hiyo Sushama alisimama njia nzima hadi kazini. Jioni alirudi nyumbani amechoka vilevile. Ketaki alikuwa amefika kabla yake, yuko jikoni, anakanda unga.