Nyumba ya Ishirini na Tatu

Jioni moja ya mwezi Juni, maduka yakikaribia kufungwa, Signe alitumwa mjini na mama yake akachukue kofia. Kofia yenyewe ni ile nyeupe yenye ukanda mwekundu, ambayo vijana wa Denmark huivaa wakimaliza sekondari ya juu. Ina mwiko mmoja, na hata wasiojua mlango wa kanisa unafungukia wapi wanauheshimu: haivaliwi kabla mtihani wa mwisho haujapita. Ukiivaa mapema, umejitafutia.

Signe alikuwa amebakiza mtihani mmoja, wa historia, kesho yake asubuhi.

"Ivae kidogo tu," mama yake alimwambia jikoni, simu iko tayari mkononi. "Picha moja, nimtumie shangazi yako."

"Mama, si unaujua mwiko."

"Mwiko wa akina bibi huo. Haya, simama dirishani, kuna mwanga."

Akaivaa. Picha ikapigwa. Nje, ukungu ulikuwa unapanda kutoka ghubani, na Signe akahisi kuna mtu ndani ya ukungu ule aliyemkazia macho. Akaivua kofia upesi. Akajiambia ni uchovu tu. Uchovu nao husingiziwa mengi.

Lisbet, mama yake, hakuwa mtu mbaya, niliseme hilo mapema. Alimlea binti peke yake tangu mumewe alipohamia Norwei na kukata mawasiliano. Alikuwa akiosha na kulisha wagonjwa katika nyumba ya wazee, na udaktari aliuota tangu usichana wake akaukosa. Ndoto ile akamtwika mtoto. Maombi ya chuo yangefungwa tarehe tano Julai, saa sita mchana, na fomu ilikuwa imeshajazwa: udaktari chaguo la kwanza, udaktari la pili, udaktari la tatu, miji tu ndiyo tofauti. Ilibaki Signe kubonyeza. Kila akiifungua, aliifunga tena. Udaktari hakuutaka. Alitaka nini? Hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana hakujua. Angejua, wangegombana yakaisha. Lakini utagombana vipi na mama yako kwa ajili ya kitu usichokijua wewe mwenyewe?

Historia akaifaulu. Jumamosi likaja lori.

Ndiyo desturi yao. Darasa zima linapanda lori lililopambwa matawi mabichi, na vijana wanazungushwa nyumbani kwa kila mmoja wao tangu asubuhi. Nyumba moja, nusu saa. Wazazi wanatandika meza bustanini, soseji, mkate mweusi, stroberi, vibendera vyekundu na vyeupe. Unakula, unakunywa, unacheza, unapuliza filimbi, unapanda tena. Ubavuni mwa lori darasa la Signe walikuwa wameandika: UKIPIGA HONI, TUNAKUNYWA. Na watu walipiga honi.

Na kila nyumba, swali lilelile.

"Hongera, binti. Utasoma nini sasa?"

"Udaktari."

"Aa, safi sana."

Kwa akina Asger, udaktari. Kwa mchungaji, udaktari. Kwa yule babu kiziwi wa nyumba ya tisa ilibidi aupige kelele udaktari mara tatu. Walipofika kwake mwenyewe, mama yake akamjibia kabla hata hajaulizwa, huku akimpapasa mgongo mbele za watu. Asger, rafiki yake tangu chekechea, akamnong'oneza, "We daktari, umekuwa mweupe kuliko kofia yako. Kula kitu."

"Niache bwana."

"Bonyeza kitu chochote. Hata ufugaji wa nyuki. Mama hatakufa."

Signe akacheka.

Saa moja na nusu jioni walitoka nyumba ya ishirini na mbili, na darasa lao lilikuwa na vijana ishirini na wawili. Wakajua wamemaliza. Lakini dereva, mzee Preben, akaisogelea karatasi aliyoibandika mbele ya usukani.

"Bado moja," akasema. "Signe. Tena."

"Kwetu tulishaenda saa saba."

"Mimi nasoma kilichoandikwa. Jina lako, barabara ya mwisho kabla ya bwawa la matete."

Hakuna aliyeshangaa sana. Wenye wazazi walioachana huwa na nyumba mbili kwenye orodha, ndivyo ilivyo siku hizi.

"Signe," Asger akasema polepole, "baba yako amerudi?"

Miaka kumi na moja hakuwa amemwona. Hakutaka kutumaini, lakini tumaini halimwombi mtu ruhusa.

"Twende," akasema.

Barabara ilikuwa ya changarawe. Ukungu ukawafunika. Muziki kwenye spika ukakwaruza... ukakatika. Preben akagongagonga redio, haikuwaka. Hata ndege wa kwenye matete walikuwa kimya.

Kisha nyumba. Nyeupe, fupi, bendera mlingotini imelegea kwa kukosa upepo. Bustanini meza imetandikwa kitambaa cheupe. Soseji zinatoa moshi. Stroberi zimejaa bakuli.

Mtu hakuna.

Kulikuwa na harufu. Si ya chakula. Ni ile harufu ya stoo ya chini ya nyumba ikifunguliwa baada ya majira ya baridi, udongo mbichi na viazi vilivyoota.

"Baba?" Signe aliita.

Mlango ukafunguka. Akatoka mwanamke wa makamo, anafuta mikono kwenye aproni, anatabasamu. "Karibuni. Kaeni, kuleni."

Wakakaa. Wakala. Hakuna aliyecheza wala kupuliza filimbi, vijana ishirini na wawili wanatafuna kimya macho kwenye sahani. Mwanamke akazunguka meza akiwamiminia, na Signe akagundua jambo ambalo hakulielewa mara moja: mwanamke yule hakumgeuzia mtu mgongo. Alipokwenda jikoni, alikwenda kinyumenyume.

Na hakumuuliza mtu atasoma nini.

"Njoo unisaidie kutoa mkate," alimwambia Signe kutoka mlangoni.

Angekataa. Lakini pengine baba yumo ndani. Akaingia.

Jikoni palikuwa na meza ndefu, na vijana wameketi pande zote, kila mmoja na kisu kidogo, wanamenya viazi. Wote wana kofia nyeupe. Nyingine zilikuwa mpya mpya. Nyingine zilikuwa zimegeuka njano, ukanda umechujuka. Hakuna aliyeinua macho. Sauti ilikuwa moja tu, ya visu.

Kwaruz... kwaruz...

"Baba yangu yuko wapi?"

"Hayupo," mwanamke alisema kwa upole. "Ilibidi niandike kitu cha kukuleta. Uliivaa mapema, ndipo nikakuona. Keti, umechoka."

Miguu ikamketisha yenyewe.

"Leo umeulizwa mara ngapi?"

"Ishirini na moja," Signe akanong'ona.

"Ukajibu nini?"

"Udaktari."

"Na kweli ni ipi?"

Ajabu, ndilo swali la kwanza siku nzima lililomtoa machozi. Akalia kama mtoto. "Sijui. Mimi sijui. Natamani mwingine aende badala yangu, waniache nipumzike."

"Basi," mwanamke akasema. "Umelisema mwenyewe."

Akamvua kofia taratibu. Kisha, kwa mara ya kwanza, akageuka.

Hakuwa na mgongo.

Kuanzia shingoni hadi kiunoni palikuwa wazi, pamechimbwa kama beseni la kukandia unga, na ndani mna giza na mizizi myembamba. Kutoka kwenye kona ya jiko akainuka msichana. Gauni la Signe. Nywele za Signe. Hata kile kikovu cha kidevuni. Mwanamke akamvika kofia, na msichana akatoka nje akitabasamu, gauni limebonyea ndani mgongoni.

Signe akapiga kelele. Sauti haikutoka. Mkononi mwake mlikuwa na kisu, na kiazi.

Dirishani aliwaona wanapanda lori. Alimwona Asger akimnyooshea mkono yule mwingine.

"Vipi, baba yako?"

"Hayupo. Twende zetu."

"Pole, daktari."

"Si kitu. Nikifika nyumbani nabonyeza ile fomu. Nimeshaamua."

Asger akamtazama kidogo, akageukia nyumba, akatazama dirishani palepale alipokuwa Signe. Akakuna shingo. Kisha honi ikalia, muziki ukarudi, na lori likaingia ukunguni likiimba.

Siku humo ndani hazihesabiki. Ulimenya, ukalala, ukamenya. Kuna mara Signe alijaribu mlango, na mikono yake ikashindwa hata kushika kitasa. Kijana aliyeketi kulia kwake, mwenye kofia ya njano kuliko zote, ndiye pekee aliyewahi kumsemesha.

"Sheria ni moja," alimnong'oneza bila kuacha kumenya. "Mtu wako akija akakuita jina kwa mdomo wake, unatoka, na yule wa nje anakwisha. Basi."

"Nani ameshaitwa?"

Kijana akachukua kiazi kingine.

Kwa hiyo Signe akasubiri. Alimjua mama yake. Mama aliyemkesha na homa, mama anayejua hatua zake kwenye ngazi. Atagundua tu. Siku moja atamkumbatia yule, mkono utateleza mgongoni, na atajua.

Na kweli aligundua. Majani ya nje yalikuwa yameshaanguka siku Lisbet, njia ameelekezwa na Asger, alipotokea getini, na koti lake la bluu, mchana kweupe, ukungu mpaka magotini. Gari aliliacha barabarani, mlango wazi. Akaja moja kwa moja hadi dirishani, akaweka kiganja kwenye kioo.

Wakaonana.

Hapakuwa na shaka. Macho ya Lisbet yalijaa machozi, na midomo yake ikaanza kulitengeneza lile jina. Signe akainuka nusu. Mama, niite. Niite tu. Hakuweza kuyasema, lakini uso wake wote uliyasema.

Simu ikalia mfukoni mwa Lisbet.

Akaitazama. Akapokea. Kioo kilikuwa chembamba, Signe alisikia kila neno.

"Ndiyo, mwanangu... Umefaulu? Wa kwanza? Darasa zima?" Lisbet akafuta pua kwa mkono wa koti. "Hongera, mama. Hongera sana... Mimi? Niko barabarani tu... Nami nakupenda."

Signe hakukumbuka mara ya mwisho yeye kumwambia mama yake maneno hayo. Miaka miwili ile ya mwisho alikuwa akimbamizia milango tu.

Lisbet akairudisha simu. Akasimama pale kwa muda mrefu, paji la uso likigusa kioo, pumzi yake ikakitia ukungu hata uso wake ukapotea. Ulipoonekana tena, alikuwa amefumba mdomo.

"Nisamehe," alisema.

Nisamehe tu. Jina hakulitaja.

Kisha akarudi garini. Hakugeuka. Mlango ukafungwa, injini ikawaka, changarawe zikalia chini ya magurudumu, na baadaye zikanyamaza.

Signe alibaki amesimama nusu vilevile, mikono mezani. Kijana wa kofia ya njano akamsogezea beseni la viazi, taratibu, kama mtu anayemsogezea mfiwa kiti.

"Wangu," alinong'ona, "alikuja mara mbili."