Nyongeza Moja Moja

Nehemiah alikuwa dereva wa lori la vyakula mjini Riyadh. Aliishi Al-Shumaisi, katika chumba kimoja na Wakenya wenzake. Mkewe, Fridah, alikuwa Jeddah. Alifanya usafi hospitalini na kulala Al-Baghdadiyah, kwenye nyumba ya wafanyakazi wa kike. Binti yao, Joy, alibaki Kitui na nyanya yake.

Kila Ijumaa jioni Nehemiah alimpigia Joy simu ya video. Mwanzoni mtoto hakuwa na maneno. Akiulizwa habari za shule, alisema poa. Akiulizwa kama amekula, alisema ndio. Kisha wote wawili walinyamaza na kutazamana.

Mambo yalibadilika Nehemiah alipopewa na rafiki yake Griffins mchezo wa kompyuta wa kurusha vyombo vya anga. Haukuwa mchezo wa bunduki. Unaunda roketi, unaipimia mafuta, unairusha. Ukikosea hesabu, inaanguka. Nehemiah alielekeza simu kwenye skrini ya laptopu, na Joy akawa rubani. Alimwambia baba yake apunguze moto, ageuze pua, angoje. Ijumaa baada ya Ijumaa walijenga kituo kinachozunguka mwezi. Joy alikiita Kalundu, kama mto wa kwao. Mwalimu wake wa sayansi alipata habari, akamwomba akionyeshe siku ya wazazi.

Joy akataka kituo kiongezwe chumba chenye madirisha makubwa. Chumba cha namna hiyo hakikuwa ndani ya mchezo. Ilibidi kitafutwe kama nyongeza. Nyongeza ni kipande kinachotengenezwa na wachezaji wengine, nawe unakiweka katika mchezo wako.

Nehemiah hakuwahi kuweka nyongeza hata moja. Aliingia kwenye intaneti, akapakua chumba. Akaona injini nzuri, akapakua. Akaona magari ya mwezini, akapakua hayo pia. Zote akazimwaga pamoja katika folda ya mchezo. Kompyuta ikamuuliza kama faili za zamani zifutwe ziwekwe mpya. Akakubali bila kusoma. Alipoufungua mchezo, skrini ikawa nyeusi na kubaki nyeusi.

Kalundu ilikuwa humo ndani, na siku ya wazazi ilikuwa karibu. Akaandika shida yake kwenye ukurasa wa wachezaji. Mtu asiyemjua akamtumia programu, akisema itarekebisha kila kitu. Ila kwanza, mtu huyo aliandika, zima programu ya ulinzi, maana itakusumbua bure.

Nehemiah alisita. Halafu akamfikiria Joy, akaizima. Akaifungua ile programu.

Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha mshale wa kompyuta ukaanza kutembea wenyewe, naye hakuwa ameugusa. Ukafungua folda ya picha. Ukapita picha za harusi, ukafika kwenye picha za pasipoti ya Fridah, ikama yake, yaani kibali cha kuishi nchini, na fomu ya kazi yenye namba yake ya simu. Taa ndogo ya kamera, juu ya skrini, ikawaka.

Alimpigia mkewe. Simu yake ilikuwa inatumika. Akapiga tena, bado inatumika. Ndipo akampigia Roselyne, jirani wa Fridah katika nyumba ileile, ambaye alikuwa msaidizi wa maabara ya kompyuta katika shule moja ya Jeddah. Alimweleza kwa pumzi moja. Roselyne hakungoja amalize. Alitoka chumbani mwake mbio.

Alimkuta Fridah jikoni, simu sikioni. Mwanamume fulani alikuwa akimwambia kwamba anapiga kutoka ofisi ya vibali. Alikuwa amemsomea namba yake ya pasipoti bila kukosea. Alisema ikama yake ina tatizo, na itafungwa asipotaja namba ya siri iliyoingia kwenye simu yake muda huo. Fridah alikuwa ameshaanza kuisoma ile namba.

"Usitaje tena," Roselyne alisema, akaichukua simu na kuikata.

Kisha akarudi kwa Nehemiah, ambaye alikuwa bado kwenye laini.

"Shemeji, umekata intaneti?"

"Bado. Nataka kwanza kufuta ile programu."

"Usifute chochote. Kata intaneti sasa hivi. Akikosa njia ya kuingia, hawezi kuendelea."

Nehemiah aliizima modemu ya chumbani. Mshale ukasimama. Alikaa chini sakafuni, akautazama kama mtu anayemtazama nyoka bila kujua kama amekufa.

Roselyne aliwaelekeza wote wawili. Wabadilishe pasiwadi za barua pepe na za benki, lakini kwa kutumia simu, si ile laptopu. Katika kila akaunti watoe vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia. Kesho yake Fridah aende kwa msimamizi wa kampuni yake na kwenye benki, aseme wazi kwamba nakala za karatasi zake zimeibwa. Hata akiona aibu, aseme. Fridah alikwenda. Msimamizi alinung'unika, lakini akaandika taarifa. Benki ilimwambia kuna mtu alijaribu kuingia kwenye akaunti yake, akashindwa.

Wiki hiyo Nehemiah alipata safari ya kupeleka mzigo Jeddah. Laptopu ilikuwa kwenye kiti cha pembeni, imezimwa. Njia nzima aliwaza atamwambia nini mtoto.

Walikutana alasiri kwenye mkahawa mdogo wa Al-Baghdadiyah, yeye, Fridah na Roselyne. Fridah hakumlaumu. Alimmiminia chai tu, akasogeza kiti chake karibu.

Roselyne alitoa kwanza faili zilizohifadhi safari za mchezo, yaani yote waliyokwisha kujenga, akaziweka kwenye flashi na kuzipima kwa programu ya ulinzi ya kompyuta yake. Zilikuwa salama. Ndipo akaifuta laptopu yote na kuiwekea mfumo upya. Ulinzi aliuacha umewashwa. Alieleza kwamba nyongeza ya kawaida ni folda ya faili tu. Ikikutaka uzime ulinzi, iache.

Walipakua mchezo kutoka kwa watengenezaji wenyewe. Roselyne akatengeneza nakala yake nzima katika folda nyingine. Moja ibaki safi, isiguswe kamwe. Nyingine ndiyo ya kuongezea vitu. Ikiharibika, unaitupa na kunakili ile safi.

Kisha wakarudisha safari ya Kalundu. Nehemiah aliufungua mchezo. Maandishi yakatokea: kituo kina sehemu isiyojulikana, kitaondolewa. Chini palikuwa na kitufe cha kukubali.

Kidole cha Nehemiah kilikuwa tayari juu ya kitufe.

"Soma kwanza," Roselyne alisema.

Nehemiah alisoma polepole, kwa sauti. Akaelewa. Angebonyeza, Kalundu ingefutwa. Roselyne alimuuliza mchezo wa kwanza aliupata wapi. Kwa Griffins. Nehemiah akampigia Griffins, ambaye alikumbuka kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuongeza mabawa ya kunasa nguvu za jua. Kumbe kituo kilijengwa kwa mabawa yale, na mchezo mpya haukuwa nayo.

Waliufunga mchezo bila kukubali. Wakayatafuta mabawa kwenye ukurasa unaoaminika na wachezaji wengi. Roselyne alimfanya Nehemiah asome maelezo mwenyewe: nyongeza hii ni ya toleo gani la mchezo, inahitaji nyongeza gani nyingine ili ifanye kazi, na inawekwa folda gani. Akaiweka hiyo moja tu. Akaufungua mchezo.

Mwezi ulitokea, wa kijivu. Kisha kando yake kikapita kitu kidogo chenye kung'aa, mabawa yamekunjuliwa. Fridah, ambaye hakuwahi kukiona kituo hicho ila kwa kusimuliwa, alifunika mdomo kwa mkono.

Nehemiah alihifadhi safari, akaufunga mchezo. Akaweka chumba cha madirisha, peke yake. Akaufungua tena. Kikakubali.

Ijumaa iliyofuata, akiwa Riyadh, alimweleza Joy yote, hata pale alipokosea. Joy alisikiliza bila kumkatiza. Siku ya wazazi alikuwa ameonyesha Kalundu kwa picha alizotumiwa na baba yake, na sasa alitaka mengi zaidi. Alitaka gari la mwezini, mnara wa mawasiliano na bustani, vyote leo.

"Tunaweka kimoja," Nehemiah alisema. "Tunajaribu. Kikifanya kazi, wiki ijayo tunaweka kingine."

Simu ilinyamaza. Nehemiah aliogopa kwamba mtoto amenuna, na kwamba ule ukimya wa zamani umerudi. Lakini Joy alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Kwa hivyo tuna kazi mpaka Desemba," alisema. "Anza na bustani, Baba. Mimi nitasoma maelezo, wewe uniwekee."