Picha Zilizokataliwa na Jicho

Saa nne asubuhi Ilhamu alijimwagia bakuli la uji kichwani, na Jicho likashuka kutoka darini ili limwone vizuri. Lilikuwa mpira mweupe wa ukubwa wa chungwa, usio na bawa wala uzi, ukielea bila kutoa sauti. Lilimzunguka mtoto mara mbili, likasubiri uji umfike kwenye nyusi, likasubiri tena mpaka alipocheka, ndipo likapiga picha. Hakuna binadamu ambaye angengoja vile bila kukimbilia kitambaa.

Katika Tanga ya mwaka 2091, nyumba isiyo na Jicho-Nyumba ilihesabiwa kuwa ya watu wasiopendana. Kila siku Jicho lilipiga picha elfu tatu: mtoto akipiga miayo, mtoto akipigana na soksi, watu wazima wakila na wakisinzia. Jua lilipokaribia kuzama lilichagua moja tu, likaitundika kwenye ukuta wa siku, ule ukuta wa sebuleni unaong'aa, na zilizobaki likaziyeyusha. Sheria ya faragha ilitaka hivyo, maana picha za watu wakiwa ndani kwao si kitu cha kuachwa kizagae. Picha ikishayeyushwa hairudi, hata kwa aliyelibuni Jicho lenyewe.

Na aliyelibuni alikuwa amekaa hapo hapo mezani, akimtazama mwanawe na kuogopa kumsogelea.

Mhandisi Mwanaidi Shekue alikuwa na siku tisa tangu arudi kutoka Mwezini. Kampuni yake ilimpeleka huko kufunga Macho katika makazi mapya, ambako watoto wa kwanza walikuwa wameanza kuzaliwa na wazazi wao hawakutaka siku hata moja iwapotee. Mkataba ulikuwa wa miezi kumi na minane. Alimwacha Ilhamu siku moja tu baada ya kutoka arobaini, mikononi mwa mama yake mzazi, Bi Tunu. Baba wa mtoto alishajiondokea kabla ya hapo, na huyo tusipoteze maneno kwake. Mwanaidi aliporudi, arobaini ya Bi Tunu mwenyewe ilikuwa imesomwa wiki iliyotangulia. Moyo ulimsimama mama akiwa anaanua nguo, na chombo cha kurudi duniani kilikuwa kimoja kila miezi sita, kwa hiyo alizikwa bila binti yake kumwona.

Hilo lilimuuma Mwanaidi, lakini lilikuwepo lililomuuma zaidi. Siku ya kuondoka waligombana. Bi Tunu alisimama mlangoni na mtoto begani, akasema, "Kitoto cha siku arobaini na moja! Unakiacha ukawapige picha watoto wa wenzio?" Mwanaidi akamjibu jibu ambalo mtu hamjibu mamaye. "Kama humtaki sema, mama. Nitamtafutia mashine ya kumlea." Bi Tunu aligeuka akaingia ndani.

Halafu zikaanza kuja picha za siku. Kila jioni, kule Mwezini, Mwanaidi alifungua moja peke yake katika chumba chake chembamba: Ilhamu amelala, Ilhamu anaitazama feni, Ilhamu amesimama kwa kushika kiti. Picha karibu mia tano, na Bi Tunu hayumo hata katika moja. Hata kiganja chake hakimo. Alipopiga simu, mama alimjibu kwa mkato, "Kipo tu kitoto chako. Kinakula," wala hakumleta mtoto karibu na kioo. Basi Mwanaidi akaamini kwamba lile jibu la mlangoni halikusamehewa, na kwamba mama alimlisha mjukuu wake kama mtu anayelisha kuku wa jirani. Mama amekufa na kinyongo, na kinyongo chenyewe kimemwangukia mtoto. Aliishi na wazo hilo mpaka likawa kama la kweli.

Aliyekuwa na mtoto sasa ni Mama Mdogo Kibibi, mdogo wake marehemu, aliyekuja kutoka Muheza siku ya msiba na hakuondoka tena. Alikuwa akimfuta Ilhamu uji, akimtania kwamba wenzake huula kwa mdomo.

"Mama mdogo," Mwanaidi alisema, "hivi mama alikuwa akimpakata huyu?"

"Mimi nilimkuta mwenzangu ameshavikwa sanda, mwanangu. Lakini watu wote wanasema alimpenda."

"Watu msibani husema hivyo kwa kila maiti."

"Haya, liulize hilo dude lako. Si ndilo lililokuwa likitazama?"

Kwa siku tisa Mwanaidi alikuwa amelikwepa swali hilo, kwa kuwa alijua lina jibu. Jicho lilikuwa na kitabu cha sababu, alichokiweka yeye mwenyewe kwa ajili ya mafundi: kila kundi la picha zilizoyeyushwa liliandikiwa mstari mmoja wenye siku, maneno yaliyosemwa wakati ule, na sababu ya kukataliwa. Aliwasha kioo cha mezani.

"Bi Tunu alikuwa kwenye picha ngapi?"

"Laki nane na elfu kumi na mbili," Jicho lilijibu kwa sauti yake ya upole.

"Zilitundikwa ngapi?"

"Hakuna."

"Kwa nini?"

"Karibu zote, neno la karaha."

Orodha ya maneno ya karaha aliiandika Mwanaidi, wiki moja ya mvua kule Dodoma, yeye na wenzake wanne. Walitaka familia zisitundikiwe ugomvi wao ukutani. Neno kama mbaya, sitaki, ondoka au kinyaa likisikika, picha zote za dakika ile zilitupwa. Alifungua kitabu cha sababu, akaanza kusoma.

Siku ya kwanza. Bi Tunu: "Mbaya huyu, mbaya. Pua kama kitumbua kilichokaliwa." Siku ya nane. Bi Tunu: "Nani kaniletea kitu kibaya namna hii? Kirudisheni kwao." Siku ya sitini na mbili. Bi Tunu: "Sura imekunjamana kama kobe. Mbaya wee."

Mwanaidi aliacha kusoma. Aliifunga orodha. Kumbe ilikuwa zaidi ya alivyodhani. Mama alikuwa akimtukana mtoto asiyejua hata kugeuka kitandani.

"Ungependa kuona na marekebisho?" Jicho liliuliza. Lilifundishwa kuuliza hivyo kila orodha inapofungwa.

Marekebisho yalikuwa mambo madogo ambayo Jicho huyasafisha kabla ya kutundika: makamasi, harara, jasho. Mwanaidi alikubali bila kufikiri. Mstari wa kwanza ulisema: doa jeusi, paji la uso, upande wa kushoto, limesafishwa. Wa pili ulisema vilevile. Aliteremka mpaka mia, mpaka mia nne, na doa likawa pale pale kila asubuhi, na kila asubuhi Jicho likalifuta. Doa lilikoma siku aliyokufa Bi Tunu.

"Mama mdogo, mtoto alikuwa na alama usoni?"

Kibibi aliinama juu ya kioo, akasoma kwa kufuata kidole. "Alama gani? Hilo ni wanja, we mtoto. La kuepusha jicho. Wewe ulipakwa mpaka ukaanza shule, tena siku ya kwanza ulilia hutaki kwenda nalo." Akaunyooshea kidole ule mpira uliokuwa ukielea. "Na hiki kidude mnakiitaje?"

"Jicho."

Kibibi alicheka mpaka akashika ubavu, kisha cheko likamkauka. "Umemfungia mama yako jicho darini, linamkodolea kichanga mchana kutwa, halafu ulitaka amsifie mbele yake?"

Mwanaidi hakuwa mgeni wa jambo hilo. Alizaliwa Ngamiani, hapa hapa Tanga, na hakuna mtu wa Ngamiani anayeingia kwa mzazi, akafunuliwa mtoto, akasema mzuri. Husema mbaya, na kadiri anavyompenda ndivyo anavyomchafua, ili hasada ipite isione cha kutamani. Ila wiki ile Dodoma aliandika neno lilivyo kwenye kamusi, na hakumkumbuka mama yake hata mara moja. Hofu ya hasada ndiyo iliyomzuia mama kumsogeza mtoto kwenye kioo cha simu. Kile nacho kilikuwa jicho.

Akarudi kwenye kitabu cha sababu, na safari hii alisoma kwa sauti, na Kibibi akasikiliza na kanga mdomoni.

Siku ya mia mbili na tatu: "Meno yenyewe mawili, na yote mabaya. Hebu cheka tena niuone ubaya wake." Siku ya mia mbili na arobaini: "Kinatembea! Kitu kibaya kinatembea! Njoo, njoo kwa bibi, kibaya changu." Walicheka wote wawili, machozi yakiwatoka.

Siku ya mia mbili na sitini haikuwa na neno la karaha. Sababu iliyoandikwa ilikuwa uso wa huzuni. Bi Tunu, mbele ya ukuta wa siku: "Leo tena simo. Haya. Mwenye nyumba kachagua."

Kibibi alitazama pembeni. Mwanaidi aliusoma mstari huo tena, maana mwenye nyumba alikuwa yeye, na mama alidhani ndiye anayemtoa pichani.

Siku ya mia nne na kumi Bi Tunu alilitazama Jicho lenyewe: "Wewe dude, mwambie mamake huko juu. Kitoto chake kibaya, wala sikipendi, wala simpi mtu. Arudi salama akikute." Sababu: neno la karaha. Picha thelathini na moja, zimeyeyushwa.

"Irudishe hiyo," Mwanaidi alisema. "Moja tu."

"Picha ikishayeyushwa hairudi," Jicho lilijibu. Sentensi hiyo pia aliitunga yeye.

Alizima kioo. Ilhamu alikuwa mkekani, amewapa mgongo, anapanga vifuniko vya chupa. Kwa siku tisa Mwanaidi alimwita kwa jina, na kwa siku tisa mtoto aliendelea na shughuli zake kama aliyeitwa ni mtu mwingine. Sasa alipiga magoti nyuma yake, akavuta pumzi.

"We kibaya," akasema. "Njoo, kibaya changu."

Vifuniko vilianguka. Ilhamu aligeuka, uso umemchanua wote, akainuka na kukimbia kwa miguu yake isiyonyooka bado. Mwanaidi alifungua mikono. Mtoto akaipita, akapita na meza, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa chumba cha uani uliofungwa tangu msiba. Akaugonga kwa viganja viwili.

"Bibi," akaita, akasimama akingoja afunguliwe.