Minyoo ya Ijumaa

Kulipopambazuka Ijumaa, katika nyumba ya vyumba viwili huko bondeni, mama alikuwa akishona sare kwenye cherehani, na binti yake wa miaka minane akimtungia uzi. Kwa kuwa hakukosa tundu hata siku moja, mtaa ulimpa jina la Sindano. Ndugu zangu, mngepita hapo mngesema: hii ndiyo nyumba yenye amani.

Mara mama akauchukua mkasi mkubwa, akauficha chini ya gunia la vitambaa. Mtoto akaacha uzi.

"Mama, tumbo linauma."

"Tena? Haya, pitia zahanati."

Baba alikuwa dereva wa lori. Alirudi kila baada ya wiki mbili, Ijumaa jioni. Akirudi alilewa, na akilewa alimpiga mkewe mbele ya mtoto.

Zahanati ya bondeni ilikuwa na muuguzi mmoja, na foleni ilifika barabarani. Ile ya mtaa wa juu, ya halmashauri hiyohiyo, ilikuwa na daktari, wauguzi watatu na mshauri wa watoto. Mtoto wa juu akiumwa tumbo, aliulizwa analalaje. Wa bondeni alipewa dawa ya minyoo, maana muda uliokuwepo ulitosha kidonge tu. Sisemi kwa kinyongo. Ni idadi ya watumishi.

"Sindano! Minyoo yako ina ratiba kama basi?" muuguzi alimtania. "Haikosi Ijumaa!"

Foleni nzima ikacheka. Mtoto akameza kidonge cha nne, akaketi kwenye benchi. Shuleni hakwenda.

Saa kumi jioni muuguzi alimkuta palepale.

"Mwanangu, nafunga. Nenda nyumbani."

Honi ya lori ikasikika barabarani. Sindano akaukumbatia mguu wa benchi, na mkojo ukamtoka.

Muuguzi akamwita karani wa kata, ambaye ofisi yake ilikuwa kwenye baraza hilohilo.

"Kaka, huyu unamjua?"

"Si binti wa fundi cherehani? Mama yake ni mgeni wangu wa kila mara."

Akafungua kitabu cha malalamiko. Mara tatu, kwa mwandiko wake mwenyewe: *Ugomvi wa mke na mume. Wakasuluhishane nyumbani.*

"Nisomee tarehe," muuguzi akasema, akifungua daftari la wagonjwa.

"Jumatatu, tarehe nane."

"Mimi nina Ijumaa, tarehe tano. Endelea."

"Jumatatu, tarehe ishirini na mbili."

"Ijumaa, kumi na tisa." Muuguzi akaketi. Kwa miaka mitatu walikuwa wameazimana kalamu, kiti na hata mwavuli. Vitabu, kamwe.

Akamgeukia mtoto. "Kwa nini hukuniambia unaogopa?"

"Shuleni nilisema. Wakaniambia nirudi nyumbani nikapumzike. Nikisema tumbo, hapa naachwa nikae."

Karani alipiga simu polisi. Walifika kwa fundi cherehani baada ya saa nzima. Baba alikamatwa, lakini mama alikuwa ameshapigwa. Sikio lake la kushoto halisikii hadi leo.

Wiki iliyofuata diwani aliitisha kikao. "Tutajenga zahanati mpya, ya kisasa!"

"Mheshimiwa, kuta tunazo," muuguzi akasema. "Tupeni muuguzi wa pili, na yule mshauri wa juu ashuke siku mbili kwa wiki. Na kila Alhamisi mimi, karani na mwalimu tuketi meza moja, vitabu vikiwa wazi."

"Kwa nini Alhamisi?"

"Kwa sababu Ijumaa ni kuchelewa."

Mabishano yalichukua miezi miwili, kisha halmashauri ikakubali. Sindano alikaa na mshauri miezi saba. Sasa analala hadi asubuhi, na shule hakosi. Ila Ijumaa, kabla hajatunga uzi, yeye mwenyewe huuficha mkasi chini ya gunia, kama mama alivyokuwa akifanya.

Funzo

Mtoto aliyejeruhiwa kwa yale anayoyaona nyumbani haonyeshi kidonda. Hutaja maumivu ambayo wakubwa wako tayari kuyapokea. Halmashauri inayowapa wa juu mshauri na wa bondeni kidonge inajua kugawa, haijui kutibu. Ipeleke watumishi palipo na wagonjwa, na ofisi zake zisomeane vitabu. Nasi majirani tuliocheka kwenye foleni, mtoto akirudi na maumivu yaleyale siku ileile, tuulize kwanza siku hiyo nani huwa anarudi nyumbani.