Sekela, Masikio ya Bibi

Sekela anaishi na Bibi yake. Karibu na nyumba yao kuna mto mdogo, na daraja lake ni gogo tu.

Wiki moja Bibi aliteleza kwenye gogo. Puu! Mguu ukavimba, akawa hawezi kutembea.

Na siku ya kupiga kura ilikuwa keshokutwa. Vyama viwili vilitaka kuongoza. Kimoja Chama cha Kobe, kingine Chama cha Ngazi.

"Nitachaguaje, na sijawasikia?" alisema Bibi kwa huzuni. "Sekela, nenda mkutanoni na mjomba wako. Uwe masikio yangu."

"Sawa, Bibi!"

Siku hiyo uwanjani walikuwepo watu wa Chama cha Kobe. Dum-dum, dum! Dum-dum, dum! Ngoma ilikuwa tamu kwelikweli.

Sekela alicheza mpaka akatoka jasho. Akapewa na kofia nzuri yenye picha ya kobe.

"Bibi, kulikuwa na ngoma!"

"Ngoma nimeisikia hapa hapa," alisema Bibi. "Maneno je?"

Maneno? Mh! Sekela hakukumbuka hata moja. Aliona aibu.

Kesho yake wakaja watu wa Chama cha Ngazi. Pe-pe-pe, peee! Tarumbeta zikalia.

Miguu ya Sekela ilitaka kucheza. Lakini Sekela akakaa chini, akasikiliza.

"Bibi, kulikuwa na tarumbeta!"

"Tarumbeta nimezisikia hapa hapa. Maneno je?"

"Wamesema daraja kwanza. Daraja la zege! Madawati ya shule baadaye."

"Ahaa! Na wale wa Kobe?"

Sekela aliipenda sana kofia yake. Alitamani kusema, "Kobe nao daraja kwanza." Akafungua mdomo. Akaufunga.

"Sijui, Bibi. Nilikuwa nacheza."

"Basi kaulize."

Sekela akakimbia kwa jirani, Mama Tumpale. Yeye ni mtu wa Chama cha Kobe.

"Shikamoo, Mama Tumpale. Chama chenu kinasema nini?"

"Marahaba, mwanangu. Tunasema madawati kwanza, kila mtoto akae vizuri. Daraja baadaye."

Mbio, mbio, Sekela akarudi.

"Bibi! Kobe wanasema madawati kwanza. Daraja baadaye."

Bibi akautazama mguu wake. Kisha akamtazama Sekela.

"Wewe darasani unakaa wapi?"

"Sakafuni, Bibi."

"Mmh," alisema Bibi. Akafikiri mpaka chai ikapoa.

Siku ya kura ikafika. Mjomba akampakia Bibi kwenye baiskeli. Kri-kri-kri, mpaka kituoni.

Bibi aliingia peke yake, akichechemea. Alitoka akitabasamu.

Usiku, Sekela alipanda kitandani kwa Bibi.

"Bibi, umechagua nini? Daraja au madawati?"

"Kura ni siri, mjukuu wangu."

"Hata kwangu?"

"Hata kwako."

Sekela akanuna kidogo.

"Na wewe je?" aliuliza Bibi. "Ungekuwa mkubwa, ungechagua nini?"

Sekela akafikiria mguu wa Bibi. Akafikiria sakafu ya darasa, na baridi yake asubuhi. Akafikiri, akafikiri, mpaka akajua.

Akavuta shuka mpaka puani.

"Siri," alisema.

Bibi akacheka mpaka kitanda kikatikisika. Kisha wakalala wote wawili, kila mtu na kura yake.